Draiva ikikopa memori, deni ni la nani?

Usiku mmoja programu yangu ya kuchakata data iliuawa kwenye seva tunayochangia maabara. Kufungua logi, nakuta muuaji ni Linux yenyewe: memori imeisha. Aliyeimaliza ni programu ndogo ya mwenzetu, aliyekuwa anajaribu draiva aliyoiandika mwenyewe. Lakini kwenye orodha, programu yake ilionekana haitumii karibu chochote. Imekuwaje?

Programu haigusi kifaa moja kwa moja. Inaiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ndani yake draiva ndiyo inayofanya kazi. Draiva ikihitaji nafasi, inatenga memori ya kerneli. Kwa kawaida memori hiyo haiandikwi kwa aliyeomba. Ni kama mtoto katumwa sukari dukani kwa Mangi, kaichukua, na Mangi hajaandika jina kwenye daftari. Sukari imetoka, deni halina mwenyewe.

Memori ikiisha, Linux hutafuta wa kuua kwa kuangalia hasa memori iliyo mikononi mwa programu yenyewe. Iliyofichwa nyuma ya draiva haionekani, kwa hiyo anakufa jirani mwenye kazi kubwa ya halali. Mtu akifanya makusudi, anaiangusha seva nzima.

Dawa ya kwanza ni kuandika deni. Mwandishi wa draiva akitenga memori kwa GFP_KERNEL_ACCOUNT badala ya GFP_KERNEL, deni linaingia kwenye cgroup, yaani kikundi cha programu ambacho msimamizi anaweza kukiwekea kikomo. Kikomo kikifikiwa, wanaoumia ni wa kikundi hicho hicho.

Ya pili ni kikomo kwa kila mtumiaji. Mfano mzuri ni paipu za Linux. Paipu moja huanza na KB 64, lakini mtumiaji wa kawaida anaweza kuikuza hadi MB 1, na akafungua mamia. Tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016, jumla yake ikizidi kurasa 16,384, yaani MB 64, paipu zake mpya hubanwa.

Kwa hiyo ukiandika draiva, kila unapotenga memori jiulize: nani ameomba, na anaweza kuomba mara ngapi? Akizidisha, mrudishie ENOMEM. Akifunga faili, achia kila ulichomshikia. Mwenzetu alibadilisha mstari mmoja tu, na kazi yangu ikafika asubuhi.