Matembezi ya familia Hell's Gate: Jihadhari na mvua usiyoiona

WATOTO wanaolelewa Karagita, katika Kaunti ya Nakuru, wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Upande mmoja wana Ziwa Naivasha, upande wa pili Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, na ng'ambo kidogo umesimama Mlima Longonot. Watalii huvuka bahari kuja kuyatazama hayo ambayo mtoto wa Karagita huyaona akiwa njiani kwenda shuleni.

Hata hivyo, familia nyingi za mtaa huo, ambazo riziki yazo hutokana na mashamba ya maua, huweza kuishi hapo miaka na mikaka bila kuvuka lango la mbuga. Sababu si ada peke yake. Wapo wazazi wanaohofia wanyama, wapo wanaodhani kuwa mbuga ni ya wenye magari, na wapo wanaokumbuka habari za watu waliosombwa na maji.

Hofu hiyo ya mwisho ndiyo yenye msingi mkubwa zaidi, na ndiyo isiyoeleweka vyema. Makala haya yanaeleza jinsi familia yenye watoto wadogo, ikiandamana na marafiki, inavyoweza kuyafurahia mazingira hayo na kurejea nyumbani salama.

Faida ya kutoka

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, lilipendekeza kwamba mtoto wa kati ya mwaka mmoja na minne apate muda usiopungua dakika 180 kwa siku wa kuushughulisha mwili. Kwa walio na miaka 5 hadi 17, shirika hilo linapendekeza wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayoufanya moyo uende mbio.

Muda huo si rahisi kupatikana katika mitaa ya vyumba vya kukodisha, ambako ua mmoja hutumiwa na familia kadhaa na uwanja wa michezo ni kando ya barabara yenye bodaboda na malori. Ndiyo maana siku moja ya mapumziko, ikipangwa vyema, inaweza kumpa mtoto kile ambacho juma zima limemnyima.

Mbuga ya watembeao kwa miguu

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1984. Ina ukubwa wa takriban kilomita 68 za mraba, na ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Baiskeli za kukodi hupatikana karibu na njia panda ya kuingilia mbugani.

Ruhusa hiyo imewezekana kwa sababu wanyama wakubwa walao nyama ni wachache. Simba huonekana kwa nadra, nao chui na duma waliomo hujiepusha na binadamu. Mgeni hukutana zaidi na punda milia, twiga, ngiri, kongoni, pofu na swala. Mnyama wa kutahadhari naye ni nyati, hasa aliye peke yake. Mkimwona, msimkaribie ili kupiga picha. Rudini nyuma polepole, watoto wakiwa katikati ya watu wazima.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, mwendo wa kutoka lango la Elsa hadi Mnara wa Fischer na kurudi unatosha kabisa. Mnara huo, wenye kimo cha takriban mita 25, ni mabaki ya uji wa volkeno ulioganda ndani ya koo la mlima, kisha udongo wa pembeni ukamomonyoka na kuuacha umesimama pekee. Umepewa jina la Gustav Fischer, mvumbuzi Mjerumani aliyefika huko mwaka wa 1883. Wamaasai nao wana kisa chao: kwamba ni msichana aliyekanywa asigeuke nyuma, akageuka, akawa jiwe.

Chini ya mnara huo huishi pimbi, wanyama wadogo ambao watoto huwapenda kwa haraka. Ni vyema kuwatazama bila kuwalisha. Nyani nao hawangoji kulishwa, hunyakua. Chakula kibaki mfukoni hadi wakati wa kula, na mtoto asiachwe akizurura na ndizi mkononi.

Korongo na maji yatokayo mbali

Kivutio kinachojulikana zaidi mbugani ni korongo la Ol Njorowa, lililo takriban kilomita 8 kutoka lango la Elsa. Ni njia nyembamba iliyochongwa na maji katika miamba laini ya volkeno, yenye kuta ndefu na chemchemi za maji moto. Hapo ndipo mzazi anapohitaji kutua na kufikiri.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ndani ya korongo methali hiyo humhadaa mtu, kwa kuwa mawingu yenye kumhusu hayako juu ya kichwa chake. Aliye chini huona ukanda mwembamba tu wa anga, nao waweza kuwa wa samawati bila doa, ilhali mvua kubwa inanyesha kwenye vilima vya juu.

Miteremko ya huko juu ina uoto haba na mawe mengi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, ardhi haiwahi kuyanywa maji yote. Maji hayo hutiririka kwenye vijito vilivyokuwa vikavu, vijito vikakutana, na hatimaye yote yakamiminika katika njia moja nyembamba. Kadiri njia inavyobana, ndivyo kina na kasi vinavyoongezeka. Maji hufika yakiwa na matope, mawe na magogo, na huweza kupanda kwa dakika chache tu.

Hayo si nadharia. Mnamo Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa waliokuwa wamezuru mbuga hiyo walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla korongoni. Mnamo Septemba 2019, watu wengine saba, akiwemo mwongoza watalii, walifariki kwa njia iyo hiyo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lililifunga korongo hilo baada ya mkasa huo wa pili.

Mikasa hiyo miwili ina mafunzo mawili. Kwanza, Aprili ni katikati ya msimu wa mvua za masika, lakini Septemba huja kabla ya mvua za vuli. Kalenda, basi, haitoshi kumhakikishia mtu usalama. Pili, kuwa na mwongoza njia ni jambo jema na la lazima, lakini maji hayamchagui mwenyeji na kumwacha mgeni.

Kwa mzazi mwenye watoto wadogo kuna jambo la tatu, nalo ni la hesabu nyepesi. Mtu mzima akisikia mngurumo wa maji anaweza kuparamia mwamba kwa dakika moja. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kushikwa kwa mikono miwili, na aliyemshika hana mkono wa kujishikilia. Pana sehemu za korongo zinazopitika na mtu mmoja baada ya mwingine tu. Kundi la watu wanane, nusu yao wakiwa watoto, haliwezi kutoka humo kwa muda ambao maji hutoa.

Kwa sababu hiyo, ushauri ulio salama ni huu: wenye watoto wa kushikwa mkono walitazame korongo kutoka juu, katika sehemu zilizoruhusiwa, na kuiacha safari ya chini hadi watoto wawe wakubwa. Wenye watoto wakubwa waulize langoni siku hiyo hiyo kama njia iko wazi, na wakubali jibu watakalopewa bila kubishana.

Atakayekuwa ndani na kuona maji safi yakibadilika kuwa ya tope, au kijito kikavu kikianza kutiririka, au kusikia radi au mngurumo kutoka mbali, asingoje uthibitisho. Apande juu kupitia ubavu wa korongo ulio karibu, wala asikimbie kufuata mkondo, kwani maji yatampita. Mifuko na simu ziachwe.

Aidha, asivuke kijito kilichofurika hata kama kinaonekana kifupi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto.

Ziwani: Kiboko na upepo

Sehemu kubwa ya ukingo wa Ziwa Naivasha upande wa kusini imezungushiwa ua na mashamba pamoja na hoteli. Ufuo wa umma wa Karagita ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuyafikia maji. Ni mahali pazuri pa kuwafunza watoto majina ya ndege, kuanzia mwari hadi tai mlasamaki.

Kiboko hushinda majini na kutoka kula nyasi usiku. Wakati mwafaka wa kuzuru ufuo na watoto, kwa hivyo, ni kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Hata hivyo, siku za mawingu kiboko huweza kuwa nchi kavu mchana. Kanuni kuu ni kutosimama kati yake na maji, kwa sababu ndiko atakakokimbilia akishtuka, na hakuna mtoto wa kushindana naye mbio.

Ikumbukwe pia kwamba ziwa hili hupanda na kushuka. Mwaka wa 2020 lilifurika na kuwahamisha wakazi wa mitaa ya kando yake, ukiwemo Kihoto. Maji yakisogea, kiboko husogea pamoja nayo, na njia iliyokuwa salama mwaka jana huenda isiwe salama mwaka huu. Wavuvi ndio wajuao mabadiliko hayo, waulizwe.

Kuhusu mashua, jina Naivasha lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yenye kuchafuka. Pepo za alasiri huweza kuvuma kwa ghafla, na hivyo safari ya asubuhi ni bora zaidi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha kimo. Jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto pindi anapotumbukia.

Longonot na saa ya kurudi

Mlima Longonot, ulio na kimo cha mita 2,776, ni volkeno iliyolala na umekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1983. Njia ya kupanda kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ina urefu wa takriban kilomita 3, na kuizunguka kreta yenyewe ni zaidi ya kilomita 7 nyingine. Njia ni ya vumbi, ina miinuko mikali, na kivuli ni haba.

Kwa familia, kufika ukingoni na kuchungulia msitu ulio ndani ya kreta ni ushindi tosha. Kundi lipange mapema saa ya kugeuka, mathalani saa tano na nusu asubuhi, na saa hiyo ikifika ligeuke hata kama kilele kimebakia hatua chache. Watoto huchoka wakati wa kushuka, na ndipo wanapoteleza.

Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu ya upepo mwanana. Miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kofia na maji ya kunywa ni vya lazima.

Kundi lijipange

Jifya moja haliinjiki chungu. Kwenda na marafiki hupunguza gharama ya usafiri na humpa mtoto wenzake wa kumtia moyo. Lakini wingi wa watu wazima huweza pia kuwa mtego, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto.

Kabla ya kuondoka, kila mtoto mdogo apewe mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina. Mtu mzima mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho, na baina yao mwendo uwe wa yule mdogo kabisa. Watoto wahesabiwe kila mnapopumzika. Aliyebaki nyumbani aambiwe mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Chakula hakihitaji fahari: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi vyatosha. Leso moja ni ya kumbebea aliyechoka, kukalia na kujikingia jua. Ada ya mtoto huwa chini ya ile ya mtu mzima, na malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hivyo ni busara kuyakamilisha kabla ya kufika langoni.

Katika matembezi hayo, mtoto afunzwe kuvitazama vilima vilivyo mbali, aulizwe mawingu yako wapi na maji yake yatapita wapi. Miaka kumi baadaye hatakuwa akienda na wazazi. Atakuwa akienda na vijana wa kanisa au wanafunzi wenzake. Kundi lolote linaloingia katika njia nyembamba linahitaji angalau mtu mmoja ajuaye kulisoma anga, na asiyeona haya kuwaambia wenzake warudi.