Nguzo za Kigiriki juu ya ziwa: nusu siku na watoto kutoka Crescent Town, Toronto

Ukiwa na jamaa Toronto, ratiba ya likizo inajulikana. Siku moja maporomoko ya Niagara, siku moja mnara wa CN, siku moja madukani. Ikifika siku ya nne watoto wamechoka, wazee wanataka kupumzika, na mwenyeji wenu ana kazi zake. Hapo ndipo inapofaa safari fupi ya asubuhi, familia peke yenu, kwenda kutazama nguzo za Kigiriki zilizosimama juu ya majabali ya Ziwa Ontario. Mnaondoka baada ya chai, mnarudi kwa sala ya adhuhuri. Kiingilio hakuna.

Ila kuna jambo moja ni bora watoto walijue mapema, wasije wakaona wamedanganywa. Nguzo zile hazikutoka Ugiriki. Zilitoka benki. Na hiyo hasa ndiyo sababu ya kwenda.

Jina limebaki, wenyewe hawapo

Tuseme mmefikia Crescent Town, mtaa wa maghorofa marefu upande wa mashariki wa Toronto, jirani na kituo cha treni cha Victoria Park. Wakaazi wengi ni wahamiaji, hasa kutoka Bangladesh, kwa hiyo nyama ya halali na misikiti si ya kutafuta mbali. Mgeni Muislamu akilisikia jina hilo hudhani limetokana na hilali. Siyo. Limetokana na skuli ya wavulana, Crescent School, iliyokuwa pale kuanzia 1933 mpaka 1970.

Na kabla ya skuli palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa la Walter Massey, wa ukoo wa matajiri wa mashine za kilimo. Aliliita Dentonia kwa ajili ya mkewe, Susan Denton. Skuli ilipohama, maghorofa yakapanda. Leo jina la bibi huyo lipo kwenye bustani na kiwanja cha gofu cha jirani, na la skuli lipo kwenye mtaa mzima, lakini watu wanapita kila siku bila kujua. Kwa hiyo ziara yenu inaweza kuanza hapo hapo chini ya lifti: waulizeni watoto mtaa huu umepewaje jina lake, kisha waambieni. Asubuhi yote inahusu jambo hilo hilo, yaani kitu kikiondoka, nani anabaki na habari yake?

Kufika Guild Park

Mnakokwenda panaitwa Guild Park, bustani ya mji iliyoko Scarborough, juu ya majabali yanayotazama ziwa. Kwa gari ni kama nusu saa njia ikiwa nyeupe. Kwa usafiri wa umma, mnapanda treni Victoria Park, mnashuka kituo cha mwisho cha Kennedy, kisha mnachukua basi. Ukiwa na bibi mwenye magoti, au watoto wachanga wawili, gari ni salama zaidi.

Na muongozaji? Familia nyingi za Ghuba hupenda kukodi mtu wao peke yao, apate kwenda kwa mwendo wa wazee na kusimama wanapotaka. Si vibaya. Lakini kabla ya kulipa, muulize mambo matatu. La kwanza, mawe yale yalitoka majengo gani? Asipoweza kutaja hata matatu, huyo ni dereva tu. La pili, anajua kusema na watoto, au atawahutubia saa nzima juani? La tatu, bei ni ya familia au ya kichwa? Mkiwa wanane tofauti yake ni kubwa. Tena bustani yenyewe ina kikundi cha watu wanaojitolea, Marafiki wa Guild Park, ambao kazi yao ni kuitangaza historia hii. Ukisoma kidogo, baba au shangazi anaweza kuwa muongozaji mwenyewe, na mara nyingi anakuwa bora.

Benki iliyovaa nguo za hekalu

Mkiingia kwa ndani mtaona uwanja wa majani, na mbele yake nguzo nyeupe za marumaru, ndefu, zimesimama kama sehemu ya mbele ya hekalu lisilokuwa na paa. Hapo ndipo panapoitwa Greek Theatre. Msimu wa joto huchezwa tamthilia, watu wakakaa uwanjani kutazama.

Nguzo hizo zilikuwa za makao makuu ya Bank of Toronto, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 kwenye kona ya barabara za King na Bay, katikati ya mji. Kwa nini benki ya Canada ivae nguo za hekalu la Kigiriki? Sababu ni ya biashara. Zamani hizo benki ikianguka, pesa za mteja zimekwenda. Bima ya serikali ya kulinda amana Canada ilianza 1967. Kwa hiyo benki ilitaka mteja akiuona mlango tu aseme: hawa hawaondoki. Na nani amesimama muda mrefu kuliko Wagiriki? Parthenon ya Athens iliwekwa wakfu mwaka 438 kabla ya Masihi, na nguzo zake bado zipo.

Jengo lenyewe halikufikisha hata miaka 60. Benki ilikuwa imeshaungana na Dominion Bank mwaka 1955, na mwaka 1966 jengo lilibomolewa kupisha minara myeusi ya Toronto-Dominion iliyochorwa na Mies van der Rohe. Nguzo za kuonyesha umilele zikawa kifusi.

Waonyesheni watoto namna ya kusoma nguzo, ni rahisi na hawatasahau. Tazama kichwa chake. Kikiwa bapa bila mapambo, hiyo ni ya Doriki, kama za Parthenon. Kikiwa na mapindo mawili kama pembe za kondoo, ni ya Ioniki. Kikiwa na majani yaliyojikunja, ni ya Korintho. Za Guild Park ni za Korintho. Mtoto akishajua hilo, mtamsikia akihesabu nguzo njia nzima, za mahakama, za benki, mpaka za mahoteli ya Dubai.

Na msiwaache wakadhani kuchukua nguzo za watu wa zamani ni mtindo wa Toronto. Msikiti mkuu wa Kairouan, Tunisia, una mamia ya nguzo zilizotoka kwenye majengo ya Kirumi na ya Bizanti, kila moja na kichwa chake. Wazee waliona jiwe zuri, wakalipa kazi mpya.

Mume na mke waliokusanya mawe

Nani basi aliziokoa? Ni mume na mke, Rosa na Spencer Clark. Walioana 1932, na mwaka huo huo wakaanzisha hapa kijiji cha mafundi na wasanii. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ilipachukua, kisha wakarudishiwa. Baadaye, Toronto ilipoanza kubomoa majengo yake ya mawe ili kujenga ya vioo, wao wakaanza kununua na kuchukua vipande: milango, matao, sura za mawe, nembo. Wakavileta hapa kimoja kimoja. Mwaka 1978 serikali ilinunua eneo lao, na nguzo za benki zikasimamishwa kuwa ukumbi wa wazi mwaka 1982, kwa mchoro wa msanifu Ron Thom. Rosa hakuuona umekamilika, alifariki 1981. Spencer alifariki 1986.

Tembeeni taratibu baina ya vipande hivyo. Kipo cha Temple Building ya 1896, iliyokuwa miongoni mwa majengo marefu ya Toronto ya enzi hizo, ikabomolewa 1970. Vipo vya jengo la zamani la gazeti la Toronto Star, na mlango wa gazeti la Globe and Mail.

Mtu anaweza kusema, na ana haki, kwamba hii si hifadhi hata kidogo. Jengo limekufa, umebaki mlango unaoingia kwenye majani. Ni kweli. Lakini tazama tofauti. Vipande hivi vimeandikiwa vilitoka jengo gani, na mtu anaweza kuanza na jiwe akafika kwenye hadithi ya watu. Jiwe lile lile bila jina lingekuwa la kukalia tu wakati wa kula sandwichi.

Wagiriki wa kweli walitufikia

Watoto watauliza: sasa Wagiriki wa kweli wako wapi? Hapa mzazi wa Kiswahili ana jibu ambalo muongozaji wa Toronto hana.

Kwanza, Ghuba kwenyewe. Kisiwa cha Failaka, mbele ya pwani ya Kuwait, kina mabaki ya ngome na hekalu la Wagiriki wa zama zilizofuata Iskandar. Walikiita Ikaros. Wachimbaji wa Denmark walianza kufukua huko 1958, na likapatikana hata jiwe lenye maandishi ya Kigiriki. Kwa familia iliyozoea kusafiri baina ya Maskati na Kuwait, hayo ni magofu ya Kigiriki ya karibu kabisa.

Pili, pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga muongozo wa mabaharia unaojulikana kama Periplus. Jina lake halikubaki. Anaieleza pwani aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta, jina lililotokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba. Na sisi tunavijua, ni mitepe. Na anasema Waarabu wa bandari ya Muza, huko Yemen, walikuwa wakipeleka majahazi pwani hiyo na manahodha wanaowajua wenyeji, wanaooana nao na kuelewa lugha yao.

Hebu fikiri. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, Mgiriki ameandika habari za Waarabu wanaosema lugha ya pwani na kuoa huko. Mtoto aliyezaliwa Al Khoudh, anayemwita bibi yake kwa Kiswahili na mwalimu wake kwa Kiarabu, akiulizwa na binamu zake wa Toronto "nyinyi mmetoka wapi hasa?", ana ukurasa wa kuanzia.

Mlango wa babu

Nguzo za Guild Park zitawakumbusha wengine nguzo za Maruhubi, nje kidogo ya mji wa Unguja. Kasri ile ya Sayyid Barghash iliungua 1899, na safu za nguzo zake bado zimesimama baina ya minazi. Maruhubi inajulikana kwa sababu ni ya sultani. Lakini zipo nyumba za watu wa kawaida Mji Mkongwe, Pemba, Lamu na Mombasa, zenye warithi Maskati, Dubai, London na Toronto, ambao hawajawahi kukaa pamoja kuzizungumza. Moja paa linavuja, nyingine mlango wake wa nakshi umeuzwa na sasa umepamba ukumbi wa mtu asiyejua ulifunguliwa kwa nani. Hata Beit al-Ajaib, jumba la 1883 ndani ya mji uliotambuliwa na UNESCO tangu 2000, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Mawe hayasubiri warithi wakubaliane.

Si kila familia itaweza kuokoa nyumba. Wengine hawana pesa, wengine shauri liko mahakamani. Lakini jina la nyumba halina gharama. Ilikuwa mtaa gani, nani aliijenga, nani alizaliwa chumba cha juu, mlango ulitazama wapi, picha yake iko kwa nani. Mambo hayo mara nyingi yako kichwani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni bibi aliyekaa kwenye benchi akiwasubiri mmalize kupiga picha.

Kwa hiyo mkishazunguka, kaeni naye hapo kwenye majani. Kijana mmoja awashe simu arekodi, na mwengine aandike. Mkimaliza, tumieni nakala kwa jamaa wote, wa Ghuba na wa pwani, wasahihishe.

Kabla hamjaondoka

Nendeni siku ya kazi, kwani mwisho wa wiki huwa na harusi na wapiga picha. Watoto wasipande mawe, wala wasikaribie ukingo wa majabali. Udongo wake unamomonyoka. Chukueni maji na kofia. Majira ya joto adhuhuri ya Toronto huingia kama saa saba na robo mchana, kwa hiyo mkitoka saa tatu asubuhi mtawahi kurudi kusali na kula. Na mkitaka chakula cha mchana chenye ladha ya safari, treni hiyo hiyo ya Victoria Park inakwenda magharibi mpaka Pape, mtaa wa mikahawa ya Kigiriki ya Danforth. Ulizeni kwanza kuhusu nyama. Samaki wa kuchoma hana maswali.