Swali la Wiki ya Arobaini

Mwenye hikaya nzuri aghalabu hudhani kwamba uzuri wa hikaya yake watosha kumfungulia mlango wa mkuu wa vipindi katika kituo cha televisheni, na akirudi mikono mitupu hulaumu upendeleo wa mjini, au kukosa jamaa Dar es Salaam, au uchache wa insafu duniani. Lawama hizo huenda hazikosi chembe ya kweli. Walakin sababu kubwa ni kwamba wawili hao, ingawa wamekaa meza moja, hawazungumzii kitu kimoja: mmoja ameleta kisa chenye mwanzo na mwisho, na mwenziwe anatafuta kitu kisichokwisha upesi, kwa hiyo anaposimuliwa namna binti alivyotoroka na mpenziwe wakafa maji ziwani, moyoni mwake hujiuliza swali moja tu, Je, wiki ya arobaini watu hawa watakuwa wakifanya nini?

Swali hilo halikuwa zito hivyo tangu zamani. Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973, Bara ikangoja hadi 1994, na katika miaka ya mwanzo ya kituo cha ITV vikundi kama Kaole vilileta michezo ya kila wiki iliyoigizwa mara nyingi pasipo muswada kamili, waigizaji wakiafikiana juu ya kisa kisha wakiyatoa maneno vinywani mwao papo hapo. Hadhira iliwapenda, na humo ndimo alimotokea marehemu Steven Kanumba. Lakini king'amuzi kilipoenea majumbani, Azam TV ikaanza mwishoni mwa 2013 na chaneli ya Maisha Magic Bongo ikafuata, hesabu ilibadilika, maana mtu alipaye kila mwezi ana khiyari ya kuacha kulipa kila mwezi, na mhusika amfanyaye alipe tena ndiye mwenye thamani. Ndiyo siri ya tamthilia ya Huba, iliyoanza 2017 na kuendelea msimu baada ya msimu, na ya Jua Kali ya Leah Mwendamseke, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lamata.

Si kila agharimiaye tamthilia, hata hivyo, hutaka kitu hicho hicho. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2012 chini ya uongozaji wa Karabani, ilikuwa na vipindi 26 vilivyogharimiwa kwa fedha za msaada wa Marekani ili habari za uzazi wa mpango na afya zipite ndani ya kisa cha mpiga picha mmoja. Na kwa rai yangu haijapata kushindwa kwa uzuri wa picha katika televisheni yetu, lakini anayekwenda kwa mkuu wa chaneli ya kulipia akiwa na andiko lenye nia kama ile amekosea nyumba. Mfadhili huuliza mtazamaji atajifunza nini. Mwenye kuuza matangazo huuliza ni nani atakayekuwa sebuleni saa tatu usiku. Mwenye chaneli ya kulipia huuliza habari za wiki ya arobaini. Kulijua hili kabla ya kuandika ni nusu ya kazi.

Natuchukue mathalan mwandishi akaaye Buhongwa, ukingoni mwa jiji la Mwanza katika barabara iendayo Shinyanga. Akisema ana tamthilia ya Mwanza, mkuu wa vipindi atafikiri upesi samaki na majabali, na kama ni mtu wa filamu atakumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ambayo ililitangaza jiji hili duniani kwa namna iliyoiudhi serikali. Mwandishi wetu ana mali bora kuliko hiyo. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na magari yaliyokuwa yakingoja kivuko sasa yapita bila kusimama. Natubuni mama lishe aliyewauzia abiria wa kivuko hicho ugali na sato kwa miaka mingi. Daraja limemwondolea wateja kwa siku moja, naye anahamia Buhongwa kwa kaka yake na kufungua mgahawa karibu na kituo cha daladala, juu ya kiwanja ambacho kaka, bila kumwambia dada yake, amekwisha kukiuza kwa watu wawili. Mwanawe wa kiume anaokota chupa katika dampo la Buhongwa. Binti anasoma chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe na kuwaambia wenziwe kwamba mama yake ni mfanyabiashara wa samaki.

Tazama nini kimetendeka. Kiwanja ni fitina inayoweza kuchukua msimu mzima, uongo wa binti ni fitina ya pili, na meza ya mgahawa huleta mgeni mpya kila wiki, leo mchimbaji wa Geita mwenye pesa asizotaka kuulizwa zilikotoka, kesho mwalimu aliyehamishwa. Wiki ya arobaini imejibiwa pasipo mtu yeyote kuuawa, na mandhari yamekuwa sababu ya kisa badala ya kuwa pambo lake.

Andiko la kupeleka lisizidi kurasa chache: kisa katika sentensi mbili, wahusika pamoja na kile kila mmoja anachokificha, mwendo wa msimu wa kwanza, ikhtisari za vipindi kadhaa, na muswada mmoja uliokamilika, kwa kuwa wengi wana wazo na wachache wana muswada. Katika kikao chenyewe, tafsili ziachwe kwenye karatasi. Mwandishi asimulie fitina ya kiwanja, kisha anyamaze aulizwe.

Hofu ya kuibiwa wazo ni ya kweli, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyoandikwa, hailindi wazo tupu. Hivyo muswada ni ngao pia, na kuusajili katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kabla ya safari si ziada. Mkataba nao usomwe kwa makini, kwa maana kituo kinachogharimia utengenezaji wote aghalabu hubaki na haki zote, ilhali kinachonunua ruhusa ya kuonyesha kwa muda humwachia mtengenezaji mali yake, ijapokuwa kwa bei ndogo.

Swali la mwisho la mkuu wa vipindi, na ndilo liuaalo mawazo mengi ya mikoani, ni kwa nini kazi isipigwe picha Dar es Salaam. Kwa swali hili mwandishi aende na hesabu: Star TV iko Mwanza na mafundi wa kamera na sauti wamo humo humo, SAUT hufundisha vijana wa utangazaji umbali mfupi kutoka Buhongwa, sehemu kubwa ya kila kipindi itapigwa ndani ya mgahawa na nyumba ya kaka, na wafanyakazi wote watapelekwa darajani siku chache tu katika msimu mzima.