Sukari Iliyojificha Ndani ya Neno "Chai"

Juzi nilimwuliza binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuja likizoni kutoka shule ya bweni, iwapo hula sukari nyingi. "Hapana, baba. Shuleni hatuli sukari," akanijibu bila kusita. Hakuwa akinidanganya. Kosa lilikuwa katika swali langu. Katika Kiswahili chetu sukari hailiwi. Hunywewa ndani ya chai, na "kunywa chai" ni jina la mlo mzima wa asubuhi.

Basi nikaacha kuuliza habari za sukari, nikauliza saa. Hapo mambo yakafunguka. Alfajiri ni kikombe cha chai, nayo imekwisha kutiwa sukari jikoni. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, chai nyingine na mandazi. Saa kumi alasiri, soda kutoka duka la shule. Usiku, wakati wa masomo ya ziada, kopo la glukosi hutolewa chini ya dawati, unga ukamiminwa kiganjani na kurambwa kimyakimya, kwa imani kwamba huongeza akili katika hisabati. Kopo hilo, nakiri, nililinunua mimi mwenyewe.

Tuliketi tukapiga hesabu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Tukikadiria vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe viwili vina gramu 24. Soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32. Jumla ni 56, bila mandazi wala glukosi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayehitaji kalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hizo.

Yamkini ndiyo sababu nasaha zetu kuhusu peremende huwapita vijana hawa. Peremende hazikutajwa hata mara moja! Sukari yao hufuata kengele ya shule. Neno lenyewe tumewaachia wazee: tunaposema "nyanya ana sukari", mtoto huelewa papo hapo kwamba ni maradhi.

Jumatatu anarudi shuleni. Katika orodha yake ya mahitaji glukosi imo tena. Nimeikata kwa kalamu. Naye ameiandika upya chini, kwa penseli.