Ukali wa SOSPA Ulikoishia

Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu), ambayo mahakamani watu wanaiita SOSPA hadi leo. Haikusimama peke yake. Iliingia ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyorithi kwa mkoloni, ikabadilisha vifungu vyake. Mbakaji mtu mzima akawa hapati chini ya miaka 30 jela. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi, kifungo cha maisha. Ushahidi wa mtoto aliyetendewa nao ukaweza kutosha peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli. Hilo halizungumzwi sana vijiweni, ila kwa maoni yangu lina uzito kuliko ile miaka 30.

Wapo wanaotaka sheria za aina hii zibomolewe na kuandikwa upya, kama Kenya ilivyotunga sheria yake inayojitegemea mwaka 2006. Wengine wanasema twende kidogo kidogo, jamii isije ikaikataa. SOSPA ilifanya yote mawili: ilithubutu kwenye adhabu, ikaogopa kwenye maelezo ya kosa lenyewe.

Chukua ukeketaji, jambo ambalo Dodoma na Singida wanalijua vizuri. SOSPA iliuweka katika kifungu cha 169A, chini ya ukatili dhidi ya watoto: anayewajibika ni mwenye malezi ya mtu wa chini ya miaka 18, na adhabu ni miaka mitano hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mwanamke wa miaka 20 anayeshinikizwa na wakwe hamo. Kenya nayo ilianza na watoto, mwaka 2001, lakini mwaka 2011 ikatunga sheria inayomlinda mwanamke wa umri wowote. Sisi tulipiga hatua ya kwanza tukakaa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 18. Ni habari njema, lakini isomwe kwa uangalifu. Hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Vijijini, ukeketaji ulikwisha kuanza kuhamia kwa vichanga, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa, maradhi ya sehemu za siri. Msichana wa darasa la sita anaweza kumwambia mwalimu; kichanga hakiwezi. Habari zake hutoka kwa mama, na mama anajua kwamba kusema ni kukiri kosa.

Woga mwingine uko kifungu cha 130. Kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akiridhia, isipokuwa ni mke wa mtu, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo inayomruhusu aolewe katika umri huo. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema ruhusa hiyo inakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo, lakini kinga ya kifungu cha 130 ikabaki. Kwa hiyo tendo moja kwa binti mmoja linampeleka mwanamume jela miaka 30, au halimpeleki popote, kutegemea kama amemwoa.

Na hiyo miaka 30 yenyewe? Mtuhumiwa akiwa mjomba anayelisha kaya, ndugu huona heri yamalizwe nyumbani, na siku ya kesi shahidi haonekani. Kesi inayofika mbele huweza kufa kwa vitu vidogo: umri wa mtoto haukuthibitishwa, au PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, imeondolewa kwenye ushahidi kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe.

Sioni haja ya kubomoa Sura ya 16 yote. Bunge linalokaa hapa Dodoma lianze na viwili: lifute kinga ya ndoa kwa msichana wa chini ya miaka 18, na liutoe ukeketaji kwenye kifungu cha 169A ili sheria isiulize umri. Wasomaji wa majimbo ya Dodoma na Singida, mbunge wako akija kwenye mkutano, muulize msimamo wake kwa haya mawili.