Mzizi Pasipo Mvutano: Kazi ya Robert Ferl na Maana Yake kwa Kilimo cha Songwe

Makala haya yanafafanua namna mmea unavyokua pasipo uzito, kwa kufuata kazi ya Robert Ferl, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na kuhoji kazi hiyo ina faida gani kwa mkulima wa mtama wa Momba, mkoani Songwe.

Duniani, ncha ya mzizi ina chembe za wanga ambazo kwa uzito wake hutua upande wa chini wa seli. Kutua huko huielekeza homoni ya auksini, na mzizi hupinda kuelekea chini. Ilidhaniwa, kwa hiyo, kwamba hata mawimbi na mshazari wa mizizi inayotambaa juu ya kitu kigumu hutokana na mvutano wa dunia. Mwaka 2012, Ferl na mwenzake Anna-Lisa Paul walichapisha matokeo tofauti: miche ya arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, iliyooteshwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ilitoa mizizi yenye mawimbi vilevile. Mwaka 2022, walionesha kuwa mbegu huota katika udongo ulioletwa kutoka mwezini, ingawa miche hudumaa na jeni zake huitikia kana kwamba imekabiliwa na chumvi na metali. Tarehe 29 Agosti 2024, Ferl mwenyewe alirushwa katika chombo cha Blue Origin, akihifadhi sampuli za mimea kwa mikono yake.

Novemba 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo yalipeleka angani mbegu za arabidopsisi na za mtama, zikarejeshwa mwaka 2023 ili zichunguzwe mabadiliko yake. Ubadilishaji wa mbegu kwa mionzi si mgeni nchini: mpunga wa SUPA BC, uliotolewa Zanzibar mwaka 2011, ulitokana na mbinu hiyo, tena bila roketi.

Hivyo basi, thamani ya anga haimo katika kuzalisha mbegu pekee. Imo katika kuuondoa mvutano ili kubainisha ni lipi mmea hulifanya kwa sababu yake na ni lipi hulifanya kwa sababu nyingine. Elimu hiyo humsaidia mtafiti kuchagua jeni za kufuatilia. Haimwondolei wajibu wa kuipima mbegu shambani, katika joto la bonde la Momba, kabla ya kumwahidi mkulima mavuno.