Kariakoo haikuulizi umetoka wapi

Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, hutafika mbali kabla kijana hajakudaka. "Bosi, unatafuta nini? Dada, viatu vya jumla hivi hapa!" Huyo ndiye winga. Hana fremu, hana mzigo, wala hajaajiriwa na mtu. Mtaji wake ni kujua nani anauza nini, ghorofa ya ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Anaweka chake juu, biashara inakwisha. Mwaka jana huenda alikuwa akilima korosho Newala. Leo mteja wake ni mama wa Lubumbashi anayesaka vitenge, au Mngazija anayefungasha mzigo wa Moroni.

Wengi huisifia Kariakoo kwa bei. Mimi naipendea ubishi wake. Ni mtaa uliopangwa ili watu watengane, ukawashinda waliopanga. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina likabaki. Baadaye Wazungu wakakaa upande wa bahari, Wahindi Uhindini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Mwafrika abaki ng'ambo yake. Ng'ambo hiyo wakarundikana Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, kila mtu na lake. Hadi leo ukikatiza unapita Mtaa wa Sukuma, wa Nyamwezi, wa Kongo, wa Pemba, wa Swahili.

Kilichowachanganya ni nyumba. Ile nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha wote, barazani kahawa. Mpangaji wa chumba cha kushoto Mmanyema, wa kulia Mzaramo, na mwenye nyumba wakati mwingine alikuwa mwanamke. Maji mlichota pamoja, msibani mlizika pamoja. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ulifanya kazi ambayo polisi wasingeiweza.

Siasa ya uhuru ilipata mahali pa kusimama hapo. African Association, iliyoanzishwa 1929, ilikuwa na ofisi yake New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba. Humo ndimo TANU, chama kilichodai uhuru, kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Wasomi wengi walisita, maana mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na chama. Muuza maandazi hakuwa na barua ya ajira ya kunyang'anywa! Bibi Titi Mohamed alilijua hilo. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akapita katika vikundi vya akina mama akiwapa kadi za TANU, bila kuuliza kabila wala cheti cha shule. Vitabu vyetu bado vinawataja wanawake hao kwa mkato mno.



Nyumba za vyumba sita zimekaribia kwisha. Ghorofa zimepanda, nyingine kwa pupa: Novemba 2024 moja iliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Soko lenyewe lenye paa la miamvuli ya zege, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Na mwaka 2025 Serikali ikawazuia wageni kufanya aina 15 za biashara, baada ya wafanyabiashara kulalamika kwamba Wachina wanauza hadi rejareja. Malalamiko yao ninayaelewa. Mwenye mtaji wa kuleta kontena akishindana na machinga kwa soksi moja moja, hapo hakuna ushindani. Ila chuki isihamie kwa Mkongo na Mngazija. Hao ndio wanaonunua kwa marobota, na siku wasipokuja winga wa Newala atakuwa wa kwanza kulala njaa.